Jina la chombo lichongwe, lisibandikwe

*Stika ni rahisi na brashi ina haraka, lakini mbao za jahazi zina masharti yake. Mvutano wa herufi ubavuni mwa vyombo vya pwani utakwisha siku jina na namba vitakapotenganishwa.*

Chombo kikishamalizika kujengwa ufukweni, kazi ya mwisho kabla ya kukishua huwa ndogo kuliko zote, na ndiyo inayokusanya watazamaji wengi. Mkuku ulilazwa miezi iliyopita, mataruma yakasimamishwa, mbao zikapigiliwa, pamba iliyochovywa mafuta ikashindiliwa katika maungio kwa nyundo ya kalafati. Ubavu mzima unanuka sifa, yale mafuta ya papa yanayozuia mbao kupasuka juani. Kinachosubiriwa sasa ni bamvua, maji yapande mpaka kilipo. Katika siku hizo mbili tatu za kusubiri, iwe Matondoni kisiwani Lamu au Nungwi upande wa Unguja, mwenye chombo ana swali la kujibu: jina liandikwe vipi, na liandikwe na nani?

Zamani jibu lilitegemea mkono wa mtu. Ama fundi mwenyewe alichukua patasi, ama aliitwa mchoraji mwenye kopo la rangi. Siku hizi liko jibu la tatu linalopatikana mjini, kwenye duka la kuchapisha stika. Unapeleka jina, unachagua aina ya herufi kwenye kompyuta, unatoka na plastiki iliyokwisha kukatwa, na kabla ya maji kujaa jina limebandikwa, limenyooka, linang'aa. Upande mwingine yuko ofisa wa usajili wa vyombo, ambaye habari ya urembo haimhusu. Anachotaka ni alama inayosomeka kutoka mbali, na madoido ya mchoraji humkera kama yanavyomfurahisha mwenye mali. Basi kila mmoja anavuta kwake: mwenye chombo anataka kipendeze, ofisa anataka kisomeke, muuza stika anataka kiishe leo, na fundi aliyekijenga kwa mikono yake mara nyingi haulizwi kitu.

Ninavyoona, mvutano huo umedumu kwa sababu mambo mawili yamefungwa katika furushi moja. Namba ni ya serikali: iandikwe kwa rangi, kubwa, bila madoido yoyote. Jina ni la chombo: lichongwe ndani ya ubao, na lirembwe kadiri mwenyewe atakavyo. Vikitenganishwa hivyo, ofisa anapata chake na mwenye chombo anapata chake, na stika inabaki pale inapofaa, ambapo si kwenye jahazi la mbao.

Macho yalitangulia herufi

Yupo atakayesema kwamba herufi za mapambo ni anasa, kwamba chombo kinakwenda kutafuta samaki na mizigo, hakiendi harusini. Historia ya pwani haimuungi mkono. Kabla herufi hazijapanda omoni, palikuwa na macho. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka na watu wa visiwa vya Lamu mpaka kikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ulikuwa na macho yaliyochorwa pande zote mbili za omo, na omo lenyewe lilichomoza mbele kama shingo. Masimulizi ya pwani yanasema shingo hiyo ni ya ngamia wa Mtume. Jahazi la Lamu, ambalo pamoja na mabaharia wake liliandikiwa kitabu kizima mwaka 1965 na mwanaanthropolojia Mholanzi A. H. J. Prins, liliyarithi macho hayo kwa namna yake: kisahani cha mbao kilichochongwa, kikapakwa rangi, mara nyingi kikawekwa mwezi na nyota, kikapigiliwa kushoto na kulia. Kisahani hicho hakiongezi mwendo hata kidogo. Hakizuii maji kuingia, hakisaidii tanga. Hata hivyo mafundi waliokuwa wakihesabu kila msumari hawakukiona kuwa upotevu wa mbao.

Hao ndio watu walioamua pia kwamba nguo haijakamilika mpaka iwe na maneno. Kanga ina pindo, ina mji, na chini yake ina jina, na mwanamke anayechagua kanga dukani husoma kwanza ndipo atazame rangi. Jina hilo lilianza kwa hati za Kiarabu, likahamia za Kilatini, tena herufi kubwa zilizosimama wima zisizo na urembo wowote. Urembo uko katika nguo inayolizunguka. Milango ya Lamu na Mji Mkongwe nayo ina vizingiti vya juu vilivyochongwa maandishi ya Kiarabu. Kwa hiyo patasi inayochonga herufi si kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Ipo, imo mikononi mwa mafundi wa mitaa ya Lamu leo hii, na umbali kutoka kizingiti cha mlango hadi ubao wa tezi ni mdogo sana.

Sheria iliyodai patasi

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchonga jina nyuma ya jahazi kuliwahi kuwa sharti la mkataba wa kimataifa. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kupiga vita biashara ya watumwa, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, yalitia saini mkataba wenye sehemu nzima kuhusu vyombo vya wenyeji katika bahari yetu. Ulitaka kila chombo kinachopewa ruhusa ya kupandisha bendera ya taifa mojawapo kiwe na jina lililochongwa na kupakwa rangi, kwa herufi za Kilatini, kwenye tezi. Herufi za mwanzo za bandari ya usajili, pamoja na namba, zilitakiwa kupigwa kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya na kupashana taarifa za vyombo hivyo iliwekwa Zanzibar.

Ukisoma sharti hilo kwa macho ya fundi utaona lilikuwa na akili. Waliolitunga walijua kwamba bendera hushushwa kwa sekunde chache, karatasi za chombo huazimwa, na rangi hufunikwa kwa rangi nyingine kabla ya alfajiri. Bendera hasa ilikuwa imewasumbua. Wenye majahazi wa Sur, Oman, waliokuwa wakivuka na kaskazi kuja kwetu, walipandisha bendera ya Ufaransa ili wasipekuliwe na manowari za Uingereza, na ugomvi huo ukaishia mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu Agosti 1905 na kuibana haki ya Ufaransa ya kugawa bendera yake. Jina lililochongwa haliendi hivyo. Ili kulifuta inabidi upige randa ubao mzima, au uung'oe uweke mwingine, na ubao mpya kwenye tezi la zamani unaonekana na kila mtu bandarini.

> Bendera hushushwa kwa sekunde chache. Jina lililochongwa haliendi mpaka ubao wenyewe uondoke.

Mtu ana haki ya kuuliza kama hatutetei hapa alama ya kikoloni. Swali ni la haki, na jibu langu lina pande mbili. Mkataba ule ulikuwa na lengo ambalo hakuna mwenye dhamiri atakayelilaumu, ingawa mataifa yaliyousimamia yalikuwa pia yanajigawia pwani yenyewe. Mwaka huohuo wa 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Ulichokosea kwa upande wa herufi ni kuzitambua za Kilatini peke yake, kwenye pwani iliyokuwa ikiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu karne kadhaa. Haukukataza hati hizo. Ila kilichokaguliwa kilikuwa cha Kilatini, na kisichokaguliwa huzembewa. Anayetaka kusahihisha historia hana haja ya kuitupa patasi. Achonge jina mara mbili, Kilatini upande mmoja wa tezi na Kiarabu upande wa pili, na hakuna sababu ya kiusalama ya kumzuia ilimradi namba yake iko mahali pake.

Sentimita thelathini

Namba hiyo iweje? Kipo kiwango cha kuweka alama kwenye vyombo vya uvuvi kilichotolewa mwaka 1989 na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Ni cha hiari, lakini hurejewa nchi zinapotunga kanuni zake, na kinaeleza mambo kwa vipimo. Chombo chenye urefu wa mita 5 hadi chini ya mita 12, ambamo mashua nyingi za pwani zinaingia, kinatakiwa kiwe na herufi na tarakimu zenye kimo kisichopungua sentimita 30. Unene wa mstari ni sehemu moja ya sita ya kimo, yaani sentimita 5. Nafasi kati ya herufi isipungue sentimita 5 wala isizidi 7 na nusu. Rangi ni nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya kusomeka kutoka kwenye boti ya doria au ndegeni, na katika kazi hiyo madoido ni adui. Mkia uliopindwa kwenye 7 unaifanya ifanane na 1, na 3 iliyonakshiwa huonekana 8 kwa mtu aliye mbali kwenye mawimbi. Chombo kikipotea na watu wamo, hakuna wa kusamehe kosa hilo.

Hapa ndipo hoja ya kutenganisha inapopata nguvu, na inaipata kutoka kwenye mbao zenyewe. Ubao wa ubavu wa mashua ni mwembamba kuliko sentimita 30. Tarakimu ya kimo hicho italazimika kulalia mbao mbili au tatu na kukata maungio yake, ambayo hupigwa kalafati upya kila chombo kinapopandishwa pwani kwa matengenezo. Huwezi kuchonga tarakimu juu ya ufa unaoshindiliwa pamba mara kwa mara. Utaudhoofisha ukingo wa ubao pale pale unapotakiwa kuibana pamba. Basi namba kubwa haina njia nyingine ila rangi, na rangi itapakwa upya kila matengenezo. Ni sawa, maana namba hubadilika usajili unapobadilika. Jina ndilo linaloweza kutosha ndani ya ubao mmoja, herufi za kimo cha sentimita 8 au 10, mbali na maungio, juu kabisa ya mstari wa maji. Ukubwa huo hausomeki kutoka ndegeni, na wala haukukusudiwa. Unasomwa na mtu aliyesimama gatini akingojea chombo cha nduguye.

Kinachotokea kwenye ubao

Wanaosifu stika huisifu ikiwa dukani. Plastiki ile imetengenezwa kwa ajili ya uso laini, mkavu na usio na mafuta: bati la gari, kioo, faiba. Ubao uliochongwa kwa tezo una mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni ila kiganja huyahisi, na kila wimbi linaacha hewa chini ya plastiki. Juu ya hapo iko sifa. Mbao zilizonyweshwa mafuta ya papa kwa mikono na matambara, safari baada ya safari, hazishikani na gundi yoyote kwa muda mrefu, na hata rangi ya mafuta ikipakwa juu yake bila maandalizi hukunjamana na kubanduka kwa maganda. Kisha ubao hauishi kupumua. Hunywa maji na kutanuka, hukauka na kusinyaa, na plastiki haiufuati. Ncha ya herufi huinuka kwanza, chumvi na mchanga vikaingia chini yake, na mwezi mmoja baadaye jina la heshima limebaki nusu. Nusu ya jina ni kichekesho cha bandari nzima.

Herufi iliyochongwa inafanya kazi kwa kanuni nyingine. Fundi hupiga mstari kwa uzi wa chaki, akachora jina kwa penseli, kisha akakata kila mstari kwa patasi kutoka pande mbili mpaka mikato ikutane chini, mfereji ukawa na umbo la V. Kina cha milimita 4 au 5 kinatosha kabisa. Umbo hilo ndilo siri ya kusomeka kwake, kwa kuwa upande mmoja wa mfereji hushika mwanga na wa pili hubaki kivulini, na jua linapohama herufi inahama nalo. Hata rangi ikitoka yote, kivuli hakitoki. Rangi yenyewe hupakwa bila hofu ya kuchafua. Unaimimina kwenye mfereji, ikikauka unapitisha msasa juu ya ubao, rangi iliyomwagika nje inaondoka na iliyomo ndani inabaki na kingo kali ambazo mkono wa mchoraji wa kawaida hauzipati. Ubao uliokatwa upya ndani ya mfereji haujanyweshwa sifa nyingi, kwa hiyo rangi hushika vizuri zaidi kuliko nje. Zamu inayofuata ya matengenezo, mtoto wa fundi anaweza kurudishia rangi, mfereji unamwongoza.

Kuna jambo moja ambalo duka la stika haliwezi kulijua kwa kuwa halijaona chombo. Ubavu wa jahazi haujanyooka. Unapanda kuelekea omoni na kupanda tena kuelekea tezi, na jina lililowekwa kwa pima-maji, sawasawa kabisa, huonekana limeinama kama picha iliyotundikwa vibaya. Herufi hazina budi kufuata mpindo wa ubao wa juu, kila moja ikisimama kwa mkao wake. Nafasi nazo hazipimwi kwa rula peke yake: A ikikaa karibu na W zinaacha pengo, H na I zikikaribiana zinabanana, na ni jicho linaloamua. Fundi aliyeupinda ubao ule kwa mikono yake anaujua mpindo wake kuliko mtu yeyote.

Hoja za wasiokubali

Hoja ya kwanza ni gharama, na siwezi kuipuuza. Kuchonga kunachukua siku, stika inachukua saa. Lakini mwenye chombo akihesabu stika na rangi atakazozirudia kila matengenezo kwa umri wa jahazi, ambao ni miaka mingi, hesabu inageuka. Na afadhali herufi sita zilizochongwa vizuri kuliko sentensi nzima iliyobandikwa. Majina mafupi ya vyombo vyetu, Subira, Tawakal na mengine ya namna hiyo, yanaonyesha kwamba wazee walielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Hoja ya pili, kwamba kuchonga kunadhoofisha mbao, ina ukweli kwa anayechonga ovyo. Ubao unaozidi sentimita 2 na nusu kwa unene haudhuriki kwa mfereji wa milimita 5 uliowekwa katikati yake na kupakwa rangi vizuri. Unaoharibu ni mfereji ulioachwa wazi ukanywa maji ya mvua, maana maji baridi huozesha mbao kuliko ya chumvi. Mwenye wasiwasi ana njia nyingine: achonge jina kwenye ubao wa pekee, aupigilie kwenye tezi kama mababu walivyopigilia kisahani cha jicho omoni. Nyufa zikihitaji kalafati, ubao unang'olewa na kurudishwa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi na haihusu mbao. Wako wanaochukizwa na maneno matakatifu kuwekwa mahali panaporukiwa na maji na damu ya samaki, na ambapo abiria hukanyaga akipanda. Naona wana haki. Kizingiti cha mlango kiko juu ya kichwa, ubavu wa mashua uko chini ya mguu. Jawabu lao liko katika desturi ileile ya majina: neno la kawaida la kumtegemea Mungu linatosha chombo, na aya ibaki ndani ya nyumba. Stika, kwa wepesi wake, ndiyo iliyofungua mlango wa kuandika kila kitu kila mahali. Patasi humlazimisha mtu afikiri kabla ya kuchagua.

Kuhusu boti za faiba sina ugomvi. Hazichongeki, uso wake ni laini, stika inakaa. Mwenye boti hiyo aende dukani kwa amani.

Kinachobaki ni kazi ya mamlaka za usajili, TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya. Zikague namba kwa ukali wote, kimo, unene, nafasi na rangi, na ziliache jina mikononi mwa mwenye chombo na fundi wake. Nawe unayesubiri bamvua na chombo chako kiko mchangani, kabla hujalipia plastiki, mwulize aliyekijenga atakudai kiasi gani kukuchongea herufi sita. Mkielewana, mwandikie jina kwenye karatasi kwa tahajia uitakayo, umsomee kwa sauti na yeye akusomee, kwa kuwa patasi haina kifutio.